Vidole juu ya skrini: leo ni zamu ya laptop za tachi

Mwezi huu meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka jambo moja, laptop yenye skrini ya kugusa. Wengi wenu mnaitumia kama laptop ya kawaida tu, kidole kinaenda kwenye skrini kufungua aikoni halafu basi, mkono unarudi kwenye tachpedi. Inaniuma kwa kweli, maana hiyo tachi mnayo tayari na mliilipia, kilichokosekana ni mtu wa kuwaonyesha ishara chache za vidole. Kwa hiyo leo safu nzima ni ya vidole. Nitaongea sana kuhusu Windows 11 kwa sababu ndo wengi mmeitaja, wa Windows 10 na wa Linux na nyie mmo humu humu.

Habari fundi. Nimepata laptop ya tachi, kwenye simu mimi sina shida kabisa lakini hapa nagusa vitu vinafunguka nisivyotaka, raiti-klik sijui iko wapi, na jamaa yangu kaniambia kuna mambo ya vidole vitatu nikajaribu hayafanyi kitu. Naomba unianzishe kuanzia mwanzo.
*Mwanafunzi wa chuo*

Salama mdogo wangu. Anza na kidole kimoja maana hicho ndo utakitumia karibu muda wote. Kugusa mara moja ni kuklik, kugusa mara mbili harakaharaka ni dabo-klik, na ukiweka kidole ukakisogeza juu au chini bila kukiinua unaskroli. Raiti-klik ni kushikilia. Weka kidole juu ya faili, tulia, usikisogeze, baada ya muda mfupi utaona kimraba chepesi kinatokea pale ulipogusa, hapo sasa inua kidole na menyu itafunguka. Watu wengi wanakwama kwenye huko kuinua, wanaendelea kushikilia wakisubiri menyu ije yenyewe, sehemu nyingi haiji mpaka uachie. Au kidole kinateleza kidogo na kompyuta inaelewa kwamba unataka kuburuta faili, ndo unakuta folda imehama mahali pake.

Na usikandamize. Skrini hizi hazipimi nguvu ya kidole, zinahisi umeme mdogo sana unaobadilika pale ngozi yako inapokaribia kioo, ndiyo maana ncha ya kucha haifanyi kitu na glavu ya kawaida haifanyi kitu, na ndiyo maana hata ubonyeze mpaka kidole kiwe cheupe hutapata jibu la haraka zaidi ya yule aliyegusa taratibu. Gusa kwa ile sehemu laini ya kidole, basi.

Kuburuta faili kuna ujanja wake. Ukiwa ndani ya folda na orodha inakwenda juu na chini, ukivuta faili kuelekea chini kompyuta inaskroli tu. Ivute kwanza kwa pembeni, kushoto au kulia, ikishaachia orodha na kuning'inia kwenye kidole unaweza kuipeleka popote.

Sasa vidole vitatu. Kwenye Windows 11 weka vidole vitatu kwa pamoja juu ya skrini, uvipeleke juu, utaona madirisha yote uliyofungua yamepangwa ukachague. Ukivishusha chini madirisha yote yanajificha unabaki na desktopu. Ukivipeleka kushoto au kulia unarudi kwenye programu uliyokuwa unatumia kabla ya hii. Vidole vinne kushoto au kulia vinabadilisha desktopu kama umetengeneza zaidi ya moja. Kwenye kingo kidole kimoja kinatosha: ukianzia nje kabisa ya ukingo wa kulia ukaingia ndani zinafunguka notifikesheni na kalenda, ukianzia kushoto inakuja ile paneli ya habari na hali ya hewa. Neno la muhimu hapo ni *nje*, yaani kidole kianze kwenye fremu nyeusi kisha kiingie kwenye picha, ukianzia ndani ya picha kompyuta haijui kama ulitaka ukingo.

Kwa nini kwako vidole vitatu havikufanya kitu, naona sababu mbili. Moja ni kwamba labda una Windows 10, ile haina ishara za vidole vitatu kwenye skrini, yenyewe ukiingia kutoka ukingo wa kushoto ndo unapata madirisha yote na kutoka kulia unapata notifikesheni, ishara za vidole vitatu na vinne juu ya skrini zilikuja na Windows 11 mwaka 2021. Ya pili, zinaweza kuwa zimezimwa. Nenda Setingi, ingia palipoandikwa "Bluetooth & devices", kisha "Touch", utaona swichi ya ishara za vidole vitatu na vinne, iwashe.

Halafu kitu kimoja kinachochanganya watu wengi mno: ishara za skrini na ishara za tachpedi si zilezile, ingawa zinafanana. Kwenye tachpedi raiti-klik ni kugusa kwa vidole viwili kwa pamoja, kwenye skrini ni kushikilia kimoja. Kwenye tachpedi unaskroli kwa viwili, kwenye skrini kwa kimoja. Kugusa tachpedi kwa vidole vitatu bila kuvisogeza kunafungua sehemu ya kutafuta. Kwa hiyo yule jamaa yako anapokuelekeza muulize kwanza anaongelea wapi, juu ya kioo au pale chini mbele ya kibodi, maana kuna watu wanabishana kutwa nzima na wote wako sahihi.

Fundi, laptop yangu kioo chake kinang'aa kama cha simu, nikigusa hakuna kinachotokea. Ni tachi iliyoharibika au si tachi kabisa?
*Msomaji wa siku nyingi*

Kung'aa si ushahidi, laptop nyingi zina kioo cha kung'aa na hazina tachi. Fungua Setingi, "System", shuka mpaka "About", kwenye taarifa za kifaa tafuta mstari wa "Pen and touch". Kama ni ya tachi na inafanya kazi utaona imeandikwa inasapoti tachi na idadi ya pointi, mara nyingi 10, maana yake inaweza kuhisi vidole kumi kwa wakati mmoja. Kama imeandikwa hakuna kalamu wala tachi kwa skrini hii, basi ama laptop haina, ama inayo lakini imezimwa au draiva, yaani programu ndogo inayoiendesha, imekufa. Kutofautisha hayo mawili chukua namba kamili ya modeli iliyoandikwa chini ya laptop uangalie sifa zake kwa mtengenezaji, japo modeli moja inaweza kuwa na matoleo mawili, lenye tachi na lisilo nayo. Unaponunua laptop iliyotumika mstari huo wa "Pen and touch" usomwe kabla hujatoa pesa.

Kaka, nikiwa nasoma kitu kwenye brauza maandishi ni madogo, nabana na kutanua vidole yanakua lakini sasa mstari unatoka nje ya skrini nakuwa nasukuma kushoto kulia kila mstari, kichwa kinauma. Halafu juzi nilikuwa najaza fomu ndefu, nikasukuma hivyo hivyo, ukurasa ukarudi nyuma fomu yote ikafutika.
*Dada wa ofisini*

Pole sana dada, hilo la fomu linatia uchungu. Mambo yako mawili yametoka kwenye mzizi mmoja.

Ukitanua vidole viwili kwenye ukurasa unakuza picha ya ukurasa, yaani mpangilio unabaki uleule na wewe unausogelea. Mstari uliokuwa na upana wa skrini nzima sasa ni mpana kuliko skrini, lazima utoke nje. Ishara hiyo inafaa kwa ramani, picha, jedwali, grafu, kitu unachotaka kukichungulia sehemu moja. Kwa kusoma tumia kibodi, shikilia Ctrl ubonyeze alama ya kujumlisha, hapo brauza inapanga upya maandishi yakiwa makubwa na mistari inaishia ndani ya skrini kama kawaida. Ukitaka kurudi ilivyokuwa Ctrl na sifuri. Kama ulitanua kwa vidole, unaweza pia kurudisha kwa kubana vidole.

Na hapo ndo fomu ilipopotelea. Kwenye Chrome na Edge, kidole kimoja kikisukumwa kwa pembeni kwenye ukurasa ambao hauna tena pa kusogea upande huo, brauza inaelewa unataka kurudi ukurasa wa nyuma au kwenda wa mbele. Ukurasa wako ulikuwa umekuzwa, ukafika mwisho wa upande, ukaendelea kusukuma, ikahesabu umesema rudi. Ukiangalia kwa makini utaona kishale kidogo kinajitokeza pembeni mwa skrini kabla haijarudi, ukikiona hicho usiinue kidole, kirudishe ulikotoka kwanza kishale kipotee ndo uinue. Fomu ndefu zijaze ukiwa kwenye zumu ya kawaida, na zile za maelezo marefu andika kwanza kwenye programu ya maandishi kisha unakopi.

Shikamoo. Mimi nimestaafu, watoto wameniletea hii kompyuta ya kugusa wakasema itakuwa rahisi kwangu. Vidole vyangu ni vizito, nikigusa mara mbili haifunguki, inachagua tu. Vitufe vya kufunga ni vidogo mno nagusa kingine. Sitaki kuwasumbua kila siku.
*Mzee msomaji*

Nakushikia miguu mzee wangu, mimi ndiye wa kukuamkia. Na swali lako nimelipenda kuliko yote maana wengi wanapitia hilo na wanadhani tatizo ni umri wao, kumbe kompyuta imetoka kiwandani imepangwa kwa vidole vya mtu mwingine na inaweza kupangwa kwa vyako.

La kugusa mara mbili, fungua sehemu ya kutafuta, andika "Pen and Touch", litakuja dirisha dogo la zamani kidogo. Ndani yake kuna orodha, chagua "Double-tap" kisha bonyeza kitufe cha setingi zake. Utakuta vijiti viwili vya kusogeza. Kimoja ni kasi, yaani muda unaoruhusiwa kati ya mguso wa kwanza na wa pili, kisogeze upande wa polepole. Cha pili ni umbali, kinahusu ile hali kwamba mguso wa pili haukutua palepale pa kwanza, kisogeze kiruhusu umbali mkubwa zaidi, maana mara nyingi kwa mtu mwenye kidole kizito tatizo ni hilo la pili, kidole kinainuka na kutua nywele mbili tatu pembeni na kompyuta inahesabu ni miguso miwili tofauti. Kuna picha pale pale ya kujaribia, ijaribu mpaka ikubali.

La vitufe vidogo, nenda Setingi, "System", "Display", tafuta "Scale". Kama iko 100% au 125% iweke 150%. Kila kitu kinakua, alama ya kufunga dirisha, menyu, maandishi, na kidole kinapata pa kutua. Nafasi ya kuona vitu vingi kwa mpigo inapungua, ni kweli, ila kwa mtu anayetumia kidole mimi nasema kubwa inashinda.

Kisha mambo mengine matatu madogo mwombe mmoja wa watoto akusaidie mara moja tu. Kwenye folda, menyu ya "View", azime "Compact view" ili mistari ya mafaili iachane, na hapo hapo kwenye "Show" awashe "Item check boxes", kila faili litapata kiboksi cha kuweka tiki, hivyo ukitaka kuchagua mafaili matano unatia tiki tano badala ya kushikilia Ctrl. La pili, Setingi, "Accessibility", "Mouse pointer and touch", awashe "Touch indicator" na achague duara kubwa na jeusi zaidi, utaona wazi kidole kimetua wapi, ikikosea unajua imekosea kwa kiasi gani. La tatu, kwenye sehemu ya kutafuta aandike "Tablet PC Settings", kichupo cha mwisho kinauliza mkono unaotumia. Ukichagua wa kulia menyu zinafunguka upande wa kushoto wa mkono wako na ukichagua wa kushoto zinafunguka kulia, ili kiganja kisizifunike. Watu wa mashoto hasa wanahitaji hii, wengi wanaishi miaka na menyu zilizofichwa chini ya mkono wao wenyewe bila kujua kuna swichi.

Fundi nina swali, hivi kwa nini mkono unachoka? Nikitumia tachi kama saa moja hivi bega linaniuma.
*Mbunifu*

Kwa sababu unanyanyua mkono hewani mbele yako na kuushikilia. Steve Jobs, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Apple, alilisema hadharani mwaka 2010 akieleza kwa nini hawaweki tachi kwenye laptop zao, kwamba skrini ya kugusa iliyosimama wima inafurahisha kwa kuonyesha tu, baada ya muda mkono unataka kudondoka. Kuhusu bega alikuwa sahihi. Mimi sikubaliani naye kwenye hitimisho, kwa sababu hakuna anayesema uache kibodi na tachpedi ukafanye kila kitu kwa kidole.

Fanya hivi. Weka mkono wa kulia kwenye ukingo wa kulia wa skrini, vidole vinne vikiwa nyuma ya kifuniko na dole gumba mbele, juu ya kioo. Sasa skroli kwa hilo gumba. Mkono umeegemea, bega halibebi chochote, na skrini haitikisiki kwa sababu vidole vya nyuma vimeishikilia, zile bawaba za laptop nyingi zinayumba ukigusa ukiwa mbele tu. Nyaraka ndefu nasoma hivyo na sichoki. Kazi za kusogeza mambo makubwa zifanye kwa kidole, kuskroli, kubadilisha dirisha, kukuza picha, kubonyeza "sawa" kwenye boksi lililojitokeza. Kazi za alama ndogondogo kama kuchagua seli kwenye jedwali au kuvuta kona ya umbo, rudi tachpedi au mausi. Na kama laptop yako inajikunja mpaka inasimama kama hema au inalala kama daftari, ikunje, ukichora ukiwa umeilaza kiwiko kinapata pa kukaa na habari ya bega inaisha.

Laptop inajigusa yenyewe!! Kishale kinaruka, programu zinafunguka, nilidhani ni virusi nikafomati kila kitu na bado. Nifanyeje?
*Mwenye biashara*

Pole, usifomati tena. Mara nyingi hii si virusi, ni kioo kinahisi kitu ambacho si kidole. Fuata mpangilio huu kabla hujampelekea fundi.

Kwanza chomoa chaja, utumie betri kidogo. Kama fujo imeisha hapo hapo, umempata mchawi, ni umeme wa chaja. Nilisema juu kwamba skrini inapima umeme mdogo sana, sasa chaja isiyo na ubora au isiyopata waya wa ardhi inaingiza kelele za umeme kwenye bodi nzima na skrini inazisoma kama miguso. Jaribu chaja ya kampuni ya laptop yenyewe na soketi nyingine yenye ardhi, na ukiweza usipitishe kwenye adapta ya pini mbili inayokata ile ya tatu.

Kama bado inajigusa ukiwa kwenye betri, zima laptop kabisa na uisafishe. Mafuta ya vidole, unyevunyevu, tone lililokaukia kwenye kona ambapo kioo kinakutana na fremu, vyote vinaweza kuleta hilo. Kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukiloweshe kidogo tu kwa maji, usipulizie kitu moja kwa moja kwenye skrini maana kinachuruzika kinaingia chini ya fremu, na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia uziache kabisa zinakula utandu wa juu wa kioo. Kama ulibandika stika ya kulinda kioo na ina mapovu au kona imeinuka, ibandue ujaribu bila hiyo.

Ikiendelea, angalia ufa. Washa taa ya simu uilaze pembeni ya kioo, mwanga ukipita kwa ubavu hata ufa mwembamba kama nywele unaonekana, anza na kona za chini karibu na bawaba. Angalia pia kama miguso inatokea mahali palepale kila mara, mfano mstari mmoja wa wima upande wa kulia. Ikiwa hivyo, sehemu hiyo ya kioo au waya wake imeumia, na kwenye laptop nyingi za siku hizi kioo cha tachi kimegundishwa na skrini yenyewe, kwa hiyo kinabadilishwa kipande kizima.

Ukiwa unasubiri hilo, au ukiamua hutaki tena, zima tachi ubaki na laptop ya kawaida. Bonyeza raiti-klik kwenye kitufe cha Windows, fungua "Device Manager", panua "Human Interface Devices", tafuta mstari wa "HID-compliant touch screen", raiti-klik, "Disable device". Usiifute, izime tu, siku ukitaka unairudisha palepale. Fujo itakata papo hapo na utafanya kazi zako. Nasisitiza hili kwa sababu kuna watu wanatupa laptop nzima kwa ajili ya kioo wakati kila kitu kingine ndani ni kizima.

Nimeunganisha laptop na skrini kubwa ya mezani, sasa nikigusa laptop, kinachobonyezwa ni kwenye ile kubwa. Ni nini hiki?
*Mhasibu*

Windows imechanganya ni skrini ipi yenye tachi. Tafuta "Tablet PC Settings", bonyeza "Setup", itakuletea skrini nyeupe yenye maandishi ikikuomba uguse ile yenye tachi. Kama maandishi yametokea kwenye ile kubwa, bonyeza Enter yahamie kwenye laptop, kisha gusa laptop. Imeisha. Kitufe cha "Calibrate" kilichopo jirani usikiguse kwa tatizo hili, hicho ni cha kurekebisha pale kidole kinapotua hapa na kompyuta inasoma pale, na ukikifanya bila sababu unaweza kuharibu kilichokuwa sawa.

Anko, kuandika kwa kidole na kuchagua maneno kunanishinda, kibodi ya skrini haiji nikiikunja laptop, na kale kamstari ka kuandikia siwezi kukaweka katikati ya neno.
*Mwanahabari chipukizi*

Kibodi ya skrini iite mwenyewe badala ya kuisubiri. Setingi, "Personalization", "Taskbar", weka "Touch keyboard" ionekane daima, utapata kiaikoni cha kibodi chini kulia, ukikigusa inakuja. Kuhusu kamstari, weka kidole juu ya kitufe cha nafasi cha hiyo kibodi ya skrini ukiteleze kushoto au kulia bila kuinua, kamstari kanatembea herufi kwa herufi. Ni Windows 11 hiyo, na ukishaizoea hutahangaika tena kulenga katikati ya herufi mbili kwa kidole ambacho chenyewe kinazifunika zote mbili.

Kuchagua maneno, kwenye brauza shikilia neno moja mpaka lipate rangi, zitatokea alama mbili za duara chini yake, moja mwanzo moja mwisho, vuta hizo alama zenyewe wala usivute maneno. Ila nikwambie ukweli mwanangu, kwa habari ndefu fungua laptop utumie kibodi halisi.

Natumia Ubuntu. Kidole kwenye Firefox badala ya kuskroli kinachagua maandishi. Chrome inaskroli vizuri. Linux haisapoti tachi?
*Mpenda Linux*

Inasapoti ndugu yangu, hapo Firefox yako inaendeshwa chini ya X11, ule mfumo wa zamani wa Linux wa kuonyesha madirisha kwenye skrini, na inasoma kidole chako kama mausi. Njia mbili. Ukiwa unalogin bonyeza kigurudumu kilichopo chini ya skrini uchague Wayland, yaani mfumo mpya wa kazi hiyo hiyo, kama haijachaguliwa, mara nyingi tatizo linaishia hapo. Kama una sababu ya kubaki X11, ongeza mstari `MOZ_USE_XINPUT2=1` kwenye faili la `/etc/environment`, ulogauti urudi, kidole kitaskroli na kubana kutakuza. Na kwa kuwa Ubuntu inatumia GNOME, yaani ule mwonekano wa madirisha na menyu unaoutumia, vidole vitatu kwenda juu vinafungua madirisha yote, kushoto na kulia vinabadilisha sehemu ya kazi, kwenye tachpedi na kwenye skrini pia.

Mwanangu ana programu ya piano kwenye laptop. Akibonyeza noti tatu kwa pamoja wakati mwingine programu inajificha anabaki anashangaa desktopu, analia. Programu ni mbovu?
*Mama*

Programu haina kosa mama, na mtoto anapiga sawasawa. Chodi ya vidole vitatu ikisogea hata kidogo kwenda chini, Windows inaiwahi kabla ya piano, inaona ni ile ishara ya kuficha madirisha. Nenda pale pale nilipomwelekeza mwanafunzi, Setingi, "Bluetooth & devices", "Touch", uzime swichi ya vidole vitatu na vinne. Kidole kimoja na viwili vitaendelea kama kawaida, raiti-klik ipo, kukuza kupo, na vidole vyake vyote vitafika kwenye piano. Wanaotumia programu za kuchora zenye ishara zake za vidole vitatu nao wazime hiyo hiyo. Na kwa kuwa watoto wanaburuta vidole mpaka nje ya fremu, ile paneli ya ukingoni inaweza bado kujitokeza, hivyo usiifungue piano ikajaza skrini yote, iache dirisha lenye nafasi kidogo kushoto na kulia, mkono wake uwe na pa kuishia kabla haujafika ukingoni.